Kenta la Baba Linakata Umeme

Majengo, Tunduma
4 Juni 2024

Kwako Baba Mdogo Osward,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na masufuria yako ya chumvi yanachemka vizuri. Huku hatujambo. Mama goti linamsumbua baridi ikizidi, ila kwaya haachi, na bado anaimba juu kuliko wenzake wote mpaka mwalimu amechoka kumwambia ashushe sauti. Faith wangu ameanza darasa la kwanza. Ameandika jina lake ukutani kwa mkaa mara tatu, na mara zote tatu amelikosea. Baba anaendelea.

Nimekupigia simu mwaka mzima hupatikani. Leo Jumanne Elizabeti, mchuuzi wa chumvi ya huko kwenu, aliposhusha mzigo hapa stendi nikamuuliza, akasema simu uligawa kwa mtu na hukuitaka tena. Basi nimempa barua. Ameahidi kukukabidhi mkononi, na wewe unamjua Elizabeti, akishaamua jambo ni heri ukubali mapema.

Baba Mdogo, shida yangu ni kenta, lori la baba. Ndilo lilelile. Siku hizi naliendesha mimi, usicheke, leseni ninayo tangu mwaka juzi. Wapakiaji wa mpakani walianza kuniita Mama Kenta kwa kejeli, sasa wameshazoea na kejeli imeisha. Nabeba mahindi, saruji, na mara moja kwa wiki chumvi ya Elizabeti kutoka stendi mpaka sokoni. Gari linakata umeme. Asubuhi nikipiga stata linalia "ta" mara moja, kimya. Nikisukumwa linawaka. Nikiwa njiani, hasa kwenye makorongo, injini inaendelea kuunguruma lakini taa, honi na waipa vyote vinanyamaza kwa pamoja, halafu baada ya muda vinarudi vyenyewe kana kwamba hakuna kilichotokea. Nimenunua betri mpya, zote mbili. Wiki tatu zikaenda vizuri, shida ikarudi. Fundi Abdulwahab akabadilisha altaneta ya kuchaji betri. Wiki mbili. Sasa anataka kubadilisha stata. Mteja wangu mmoja wa ng'ambo ya mpaka, mzee wa Kibemba, ameniambia kwa heshima ya kwao, "Mukwai, hili gari limelogwa, liuze." Mimi siamini, lakini kuna siku nakaribia.

Nimeandika kwa sababu sijui mtu mwingine wa kumuuliza.

Mwanao,
Nesta


Ivuna
23 Juni 2024

Nesta,

Marahaba. Elizabeti alisimama mbele yangu, mikono kiunoni, mpaka nikafungua bahasha. Huku ni wazima. Fisi amekula mbuzi wangu wawili, amebaki mmoja na ana kiburi cha wote watatu. Mwambie Faith akikosea mara tatu, mara ya nne amuulize mtu. Mama yako mpe pole ya goti.

Mimi sishiki waya tena, mwaka wa nne huu. Hapa mtu akija na redio iliyokufa namwambia amepotea njia. Ningekuwa na akili ningekurudishia barua yako. Ila pale ulipoandika kwamba injini inaunguruma huku vingine vyote vinanyamaza kwa pamoja, nimepasoma mara nyingi. Gari hilo lilifanya hivyohivyo likiwa na baba yako ndani, kwenye ukungu, kwenye mteremko wa Iyula. Sasa umo ndani wewe. Ndiyo sababu najibu, usidhani ni kitu kingine.

Kwanza, usiliendeshe kwenye ukungu wala jua likishazama. Nimesema.

Pili, acha kununua vitu. Fundi anayebadilisha kabla ya kupima anabahatisha kwa mfuko wa mwenye gari. Abdulwahab ni kijana mzuri, lakini ana haraka.

Tatu, kuna sanduku langu la mbao lilibaki kwenu, chini ya kitanda cha stoo kama hawajalitupa. Ndani kuna mita ya njano imefungwa mpira wa baiskeli. Toa nyaya za betri jioni, pima, andika namba. Asubuhi pima tena, andika. Halafu chukua taa ndogo ya kupimia, weka kati ya teminali ya negativu na waya wake, kila kitu kwenye gari kikiwa kimezimwa. Ikiwaka, kuna kitu kinakunywa umeme gari likiwa limelala. Isipowaka, hakuna mnywaji.

Usiniandikie unachofikiri. Niandikie ulichokiona. Fundi huyu yuko mbali, macho yake ni yako.

Na unijibu hili: baba yako Timotheo anajua kwamba unaniandikia?

Osward


Majengo, Tunduma
2 Julai 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mbuzi mwenye kiburi nimemcheka sana, nimemsomea Faith naye akataka kujua jina lake. Mama anashukuru kwa pole. Sanduku lilikuwepo, mama alilifunika kitambaa akaweka juu yake cherehani, miaka yote hii sikujua kilichokuwa chini. Mita inafanya kazi. Mpira wa baiskeli umeoza.

Nilichokiona ni hiki. Jioni, betri zote mbili kwa pamoja, volti ishirini na tano nukta tatu. Asubuhi, ishirini na tano nukta mbili. Taa ya kupimia haikuwaka. Nilitikisa milango, nikapanda bodini nikaruka, haikuwaka. Hakuna mnywaji. Abdulwahab alikuja akasimama anatazama, akasema, "Dada, sasa wewe umekuwa fundi, mimi nikauze chipsi?" Lakini alibaki mpaka mwisho, na akaomba kuiona hiyo mita.

Kuna jambo sikukuandikia mwanzo. Nyaya zako hazimo tena kwenye hili gari. Mwishoni mwa Julai 2020, gari lilipovutwa kutoka Iyula, baba akiwa bado na plasta mguuni, alimwita fundi mwingine akang'oa zote. Za taa za ukungu ulizofunga, za honi, zote, hata zile ambazo hukuzigusa. Akakaa kwenye kiti pale uani akazichoma moja moja. Zikafungwa mpya kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sijui kama nilipaswa kukuambia.

Na mimi nina swali. Baba alilala hospitali wiki sita. Watu walikuja kutoka Momba, kutoka Nakonde, hata wale tusiosalimiana nao walikuja. Wewe ulikuwa na banda lako la ufundi dakika kumi kutoka pale. Kwa nini hukuja?

Nesta


Ivuna
30 Agosti 2024

Nesta, mwanangu,

Natumaini mnaendelea vizuri na kwamba baridi imepungua. Hapa upepo umeanza, unapuliza majivu ndani ya chumvi, tunachuja mara mbili. Mbuzi hana jina. Faith ampe.

Nimechelewa. Elizabeti amepita hapa mara saba akiuliza kama kuna barua, mara ya nane hakuuliza. Nilifika pale ulipoandika kuhusu kuchomwa kwa nyaya, nikaikunja karatasi nikaiweka ndani ya kopo la chumvi, nikawa naizunguka. Iliniuma. Wiki iliyopita nimeitoa nikaisoma mpaka mwisho.

Nilikuja hospitali. Siku ya pili. Nilichukua uji kwenye flaski nikafika mpaka mlango wa wodi, na mlango ulikuwa wazi. Baba yako alikuwa anamwambia mama yako, kwa sauti ile ya mtu aliyechomwa sindano, "Nyaya za Osward ndizo zimenivunja." Siku tano kabla ya ajali nilikuwa nimemfungia zile taa za ukungu. Nilijua mikono yangu ilipita wapi, kila kiungo, na usiku ule wote nilikuwa nimevihesabu nikitafuta nilipokosea. Sikupaona. Lakini gari lilikuwa korongoni na mguu umevunjika pawili, nani angeuliza zaidi? Flaski nikampa muuguzi, nikaondoka. Mwezi haukuisha nikafunga banda.

Sasa nisikilize vizuri. Umeniandikia kwamba nyaya zangu zilitolewa zote. Na gari bado linaumwa ugonjwa uleule. Nimeliwaza hili kwa muda mrefu na naogopa kuliandika, kwa hiyo siliandiki. Tupime kwanza.

Betri ni nzima na hakuna kinachokunywa. Basi umeme unashindwa kupita mahali. Watu wakisikia umeme wanafikiria waya wa kwenda. Wanasahau kwamba umeme lazima urudi, na kwenye gari unarudi kwa kupitia chuma chenyewe, kisha unaingia betri kwa waya mmoja mnene wa ethi. Waya huo ukiwa mbovu, kila kitu kinanyamaza kwa pamoja. Washa gari, washa taa zote. Waya mwekundu wa mita gusisha kwenye chuma cha kabini kisicho na rangi, mweusi kwenye teminali ya negativu ya betri yenyewe. Namba inatakiwa iwe karibu na sufuri. Niandikie ulichokiona.

Swali langu la Juni hukulijibu. Nimeona.

Osward


Majengo, Tunduma
8 Septemba 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nilikuwa nimekukasirikia miezi miwili na sasa sijui niyapeleke wapi hayo makasiriko. Flaski ya bluu tunayo. Mama alirudi nayo kutoka hospitali, miaka minne anauliza ni ya nani ili airudishe. Nilipomwambia akaenda kuiosha ingawa ilikuwa safi. Mbuzi anaitwa Jenista, ni jina la mwalimu wake Faith, usiniulize.

Sasa kazi. Nilipima leo baada ya ibada. Mita ilisema mbili nukta sita. Nikarudia, mbili nukta sita. Nikamwomba Abdulwahab nyaya mbili nene za kushtulia gari, mmoja nikaunganisha teminali ya negativu moja kwa moja na injini, na mwingine kutoka teminali hiyohiyo mpaka kabini. Baba Mdogo, taa ziliwaka sijawahi kuziona hivyo. Abdulwahab alipiga kelele kama mtu ameona goli. Tukaziondoa nyaya, taa zikafifia. Tukazirudisha, zikawaka.

Nikalala chini nikaingia upande wa betri. Waya wa ethi wa betri na ule wa injini zimefungwa kwenye bolti moja ya chesisi, yaani fremu ya gari, nyuma ya sanduku la betri. Kichwa cha waya kimekuwa cha kijani na unga mweupe, nikikigusa kinamomonyoka. Ndani zimebaki nyuzi tatu, labda nne. Nikaonja ule unga kwa ncha ya ulimi, usinigombeze. Ni chumvi.

Nikatazama juu. Kwenye kona ya bodi kuna tundu, unene wa kidole gumba, na kingo zake zimeungua. Linashuka moja kwa moja juu ya ile bolti. Maji ya magunia yote ya chumvi yanakusanyika kwenye kona ile na kudondoka pale. Hata maji ninayooshea bodi, na yamekuwa yakidondoka tangu sijui lini.

Nilikuwa bado chini nikaona fimbo na miguu ya baba. Akauliza, "Nani amekwambia upime hapo?" Sikuwa na uongo ulio tayari. Nikasema, "Baba Mdogo." Hajawahi kusikia jina lako ndani ya uwanja huu kwa miaka minne. Aliniambia nitoke. Akainama kwa shida, akatazama ile bolti, kisha lile tundu, muda mrefu. Akaingia ndani. Hajala mchana wala jioni.

Kwa hiyo swali lako la Juni, jibu ni hapana, alikuwa hajui. Sasa anajua.

Nesta


Ivuna
17 Septemba 2024

Nesta,

Salamu kwa wote, na kwa mwalimu Jenista ikiwa haoni vibaya kuwa na jina moja na mbuzi wangu.

Nimekaa na chumvi miaka minne. Imekula jembe langu, imekula bawaba za mlango, sufuria linatoboka kila msimu, na sikuwahi hata siku moja kufikiria ethi ya gari la kaka yangu lililobeba magunia mabichi ya chumvi kutoka hapahapa. Nimejicheka, halafu nikaacha kucheka.

Kata waya mpaka ufike shaba safi. Funga kichwa kipya, kibanwe vizuri, siyo kwa nyundo. Sugua chesisi kwa msasa mpaka chuma king'ae. Kaza, kisha paka grisi juu ili maji yasiingie. Tundu lizibeni, na toboeni jingine mbali. Pima tena. Ikiwa karibu na sufuri, umepona.

Umepona wewe. Kuhusu ile ajali ya 2020, usiandike kwamba siyo mimi. Najua unataka kuandika. Chumvi unayoiona leo ni ya leo. Huenda siku ile ethi ilikuwa nzima na kiungo changu kilikuwa kibovu, vyote viwili vinazima taa. Nyaya zimechomwa, haziwezi kupimwa. Kitu kimoja tu kingenipa jibu, nacho ni kujua kama taa zilikuwa zinazimika kabla sijaligusa gari. Siku baba yako aliponiletea gari nilimuuliza kama lina shida nyingine, akasema halina. Anayejua ni mtu mmoja. Sitaki umuulize. Mtu asiulizwe jambo kama hilo na mtoto wake.

Osward


Majengo, Tunduma
6 Oktoba 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo. Sikumuuliza. Barua zako zote niliziacha juu ya meza nikaenda sokoni, na hilo ndilo kosa langu lote. Wiki mbili zikapita. Jana asubuhi amenituma spea, akakataa msaada wa Abdulwahab, akalala chini ya gari na mguu wake ule. Leo ameomba kalamu. Anachokiandika sikukisoma, amekikunja mwenyewe. Mama ameweka uji kwenye flaski ya bluu ingawa nimemwambia utafika Ivuna umeganda. Amesema si kitu, wewe utajua.

Nesta


Osward,

Nesta anasema hutaki mtu aandike anachofikiri, unataka alichokiona. Naandika nilichokiona.

Februari 2020. Mbao za bodi zilikuwa zinaoza kwa maji ya chumvi, nikatoboa tundu konani kwa nondo ya moto. Nililisifia kwa watu. Nilibeba magunia mabichi, chumvi ikiwa bado inachuruzika, kwa sababu wachemshaji walitaka mzigo uondoke siku ileile, nami nilitaka safari mbili kwa wiki.

Machi, mwishoni, njia ya Mbangala, saa moja asubuhi. Taa na honi vilizima pamoja. Injini haikuzima. Nilishuka nikagonga sanduku la betri kwa jiwe, vikarudi.

Mei, mara mbili. Mara ya pili mama Nesta alikuwa pembeni yangu. Nilimwambia asiseme.

Tarehe 9 Juni nilikuletea gari ufunge taa za ukungu. Mpaka siku hiyo ulikuwa hujaligusa. Uliniuliza kama lina shida nyingine. Nikasema halina. Nilijua ukisikia utaliweka chini wiki nzima mpaka ulipime lote, na magunia yalikuwa yanangoja.

Tarehe 14 nikaanguka Iyula. Hospitali nilisema uliyoyasikia. Niliyasema nikijua ya Machi na ya Mei. Nyaya nilichoma nikijua. Kila mwaka uliopita ulifanya iwe ngumu zaidi kusema.

Uji niliunywa. Ulikuwa na tangawizi nyingi kupita kiasi, kama alivyokuwa anatia marehemu mama. Nilijua ni wako kabla sijaumaliza.

Waya nimekata, kichwa kipya kimefungwa, chesisi imesuguliwa mpaka inang'aa. Tundu nimeliziba. Grisi iko kwenye kopo. Nati nimeizungusha kwa vidole tu, sikutia spana. Spana namba kumi na saba iko juu ya betri. Gari halitoki uani. Elizabeti anapandisha chumvi huku Jumanne, nimemwambia akuwekee nafasi mbele.

Njoo uikaze.

Kaka yako,
Timotheo